Pumzi ya Dakika Iliyopita

Kioo hakibonyezwi, kinaguswa. Nimelisema neno hili mara nyingi hadi mafundi wa zamu wameligeuza wimbo. Wakinipita kwenye ngazi za boila huliimba kwa sauti ya puani, nami hujifanya sisikii. Waache waimbe. Siku wanapotaka kujua kwa nini moto wao unatoa moshi mweusi, wimbo hukatika ghafla, wakaja kupiga hodi kibandani kwangu kama watu waliolelewa vizuri.

Kibanda chenyewe ni chumba cha bati chenye kiyoyozi kinachokohoa, kimeegemea boila ya kiwanda cha sukari, pale njia kubwa ya moshi inapopinda kuelekea kwenye dohani. Ndani yake kuna sanduku la chuma kizito lenye kioo kinene usoni. Hicho ndicho kipima gesi. Kinavuta moshi kidogo kutoka kwenye ile njia kwa bomba jembamba, kinaupoza, kinaukausha, kinauchungulia kwa namna yake, kisha kinaandika kwenye kioo: oksijeni kiasi hiki, kabonidayoksaidi kiasi hiki. Hii ya pili sisi tunaiita hewa chafu. Ndiyo inayotolewa na moto ukiwaka, na ndiyo anayoitoa mtu akipumua.

Sanduku lile halifunguliwi ovyo, maana vumbi la sukari likikutana na cheche ni balaa. Kwa hiyo aliyelitengeneza hakuweka kitufe hata kimoja. Ameweka alama nne nyuma ya kioo: mshale wa kupanda, mshale wa kushuka, duara la kukubali, na mshale uliopinda wa kurudi. Unavua glavu, unafuta kioo, unaweka ncha ya kidole juu ya alama, unatulia. Chombo kinakuhisi kupitia unene wote ule. Ukikisukuma kama anayeua kunguni, kinakupuuza. Ukirudia kwa pupa, kinajifunga na kukuacha usubiri mpaka hasira zikuishe.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Lakini mbele ya kioo kile huwa nimetulia kama maji mtungini. Kila asubuhi ninapoweka kidole na namba zikaamka, kuna kitu kinanitekenya kifuani. Hewa haionekani, haishikiki, hatuijali mpaka itukose. Na pale, kwa kidole kimoja, naisoma. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, wanasema, lakini mimi ya Musa tu yamenitosha, sijamaliza kuyastaajabia.

Baba mkwe wangu hakukiamini chombo hicho. Yeye ni mwashi wa matofali ya moto, yale yanayopangwa ndani ya boila na ndani ya njia ya moshi ili chuma kisiungue. Wenzake humwita Majivu, kwa sababu akitoka huko ndani ni macho tu yanayokujulisha kuwa huyu ni mtu. Mimi siwezi kumwita hivyo. Ni mzazi wa mume wangu; namwita Baba, naye ananiita Mama. Nyumbani tuliheshimiana hadi maneno yakatuishia. Shikamoo, marahaba, asante kwa chai, basi. Kazini ndiko tulikozungumza zaidi, kwa redio za mkononi, yeye akiwa ndani ya njia ya moshi nami kibandani. Labda ni kwa sababu huko hatukuonana.

Kibandani kwangu alikuwa hajawahi kutia mguu. Nilimkaribisha, nikachoka kumkaribisha.

"Mama, mimi na vioo wapi na wapi," alinijibu. "Nina kimoja cha kunyolea ndevu, nacho kila siku kinaniambia ukweli nisiotaka kuujua. Cha pili cha nini?"

Hata hivyo ndiye aliyekuwa msaada wangu mkubwa kila kiwanda kilipozimwa kwa matengenezo. Ncha ya bomba langu jembamba imechomoza ndani ya njia ya moshi, chini kidogo ya kona. Nikishabadilisha chujio lake, lazima nijue kama bomba limeziba au linavuja, na njia ya kujua ni rahisi hadi aibu: mtu aliye huko ndani anaipumulia ile ncha, nami kibandani natazama namba ya hewa chafu. Ikipanda, bomba ni zima. Mafundi wa kazi yangu wote hufanya hivyo. Mara ya kwanza nilipomwomba, alidhani masikio yanamdanganya.

"Umesema nilipumulie bomba?"

"Ndiyo, Baba. Kama unapoza chai."

"Kuishi kwingi kuona mengi," alisema. "Haya. Ila asipite mtu akaniona."

Akapumulia kwa mtindo wake. Pumzi moja, akatulia, kisha mbili za kufuatana. Kwenye kioo changu, ule mstari unaochora mwendo wa namba ukapanda kilima kimoja, ukashuka, ukatambaa, halafu ukapanda vilima viwili vilivyoshikana mabega. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

"Mbona hivyo, Baba?"

"Ndivyo ninavyobisha hodi. Kwani huko si kwako?"

"Karibu basi."

Tangu siku hiyo hodi ikawa hiyohiyo, moja, kimya, mbili, nami nikamjibu karibu redioni. Jambo moja tu lilikuwa linanishangaza, nikamweleza. Bomba ni refu. Pumzi yake husafiri ndani yake, ikapita kwenye kipoza na kwenye machujio, ikanifikia baada ya kama dakika nzima. Wakati yeye ameshamaliza na kurudi kwenye matofali yake, kioo ndiyo kwanza kinaanza kuniambia kuwa amepumua.

"Kumbe unayemwona hapo," alisema, "ni mimi wa zamani."

Tulicheka, kila mtu upande wake wa chuma. Sikujua kwamba neno lile lingenirudia.

Msimu huo boila ilizimwa kama kawaida, ikapoa. Asubuhi Baba aliingia kwa mlango wa chini kukagua matofali ya konani. Alikuwa na mwenzake mmoja, ambaye alitoka kwenda kuchanganya udongo wa kujengea. Kile ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba juu ya ile kona majivu ya makapi ya miwa yalikuwa yameganda msimu juu ya msimu, yakajijengea dari yake. Sisi kule nje tulisikia kishindo kimoja tu, kifupi na kizito, kama gunia linaloangushwa sakafuni kwa jirani. Kisha vumbi likafuka kwenye kila tundu.

Nilipofika, watu walikuwa wanakimbia huku na huku bila kwenda popote. Majivu yalikuwa yameiziba kona na kumwagika mpaka kwenye mlango wa chini. Kuna mlango mwingine juu, ng'ambo ya kona, lakini bolti zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Kuufungua ni kazi ya nusu siku. Mwenzake alisema alimwacha karibu na kona. Upande gani? Hakujua. Huenda alikuwa amepanda juu, huenda alibaki chini. Tuligonga chuma, tukatega masikio. Majivu hayapitishi sauti, yanaimeza. Redio yake ilikwaruza tu.

Mume wangu alikuwa juu ya tingatinga. Ndiyo kazi yake, kusukuma makapi uwanjani, na siku hiyo alikuwa amelileta hadi mlangoni, injini inanguruma, koleo lake kubwa limekaa usawa wa majivu. Sijawahi kumwona mtu mwenye uso kama ule. Ulikuwa uso wa mtu mzima, lakini ndani yake kulikuwa na mtoto anayemtafuta baba yake.

"Niambie nivute," alimwambia meneja wa matengenezo. "Kama yuko juu, tukiyatoa haya tumemfikia sasa hivi. Tunasubiri nini?"

Meneja, mtu mtaratibu ambaye hata kukohoa hukohoa kwa zamu, alikuwa amelowa jasho. "Na kama yuko chini?"

Jibu lilijulikana. Kama Baba alikuwa chini ya kona, amebanwa kwenye kijinafasi kati ya majivu na ukuta, koleo likivuta tu, yote yaliyoning'inia juu yangemshukia. Tingatinga lilelile lililokuwa liwe wokovu lingekuwa kaburi, na dereva wake ni mwanawe.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ncha ya bomba langu. Imechomoza chini ya kona.

"Nipeni muda kidogo," nikasema.

"Muda wa nini?" mume wangu alifoka.

"Wa kumsikiliza."

Nilikimbia. Kibandani kishindo kilikuwa kimeangusha vumbi kutoka darini, na kioo kilikuwa kijivu kama ubao usiofutwa. Namba zilikuwapo nyuma yake, zimetulia. Chombo kilikuwa kimepumzishwa, pampu imezimwa, na chombo kikipumzishwa huishikilia namba ya mwisho kiliyoipima, hakiibadilishi, hata dunia ikipinduka. Nikaweka kidole kwenye duara. Kimya. Nikaweka tena. Kimya. Nikasukuma. Mimi, mwenye wimbo wangu, nilikuwa nakibonyeza kile kioo kwa dole gumba, kwa kiganja, nusura kwa kiwiko, na sala zote ninazozijua zikinitoka mdomoni pamoja na matusi. Alama ya kufuli ikatokea. Kimejifunga.

Meneja alikuwa amenifuata. Alisimama mlangoni, akaona kufuli, akanielewa. Hakunikaripia. Alitoa leso safi mfukoni, akanikabidhi.

"Kioo hakibonyezwi," alisema taratibu.

"Kinaguswa," nikamalizia, huku machozi yananitoka.

Nilikifuta. Nikavifuta na vidole vyangu, kimoja kimoja, jasho lote. Tukasubiri kufuli liondoke, na muda ule ulikuwa mrefu kuliko wowote niliowahi kuusubiri, leba ikiwemo. Lilipoondoka niliweka ncha ya kidole kwenye duara, nikaiacha pale kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Kioo kikaitika.

Nikashuka kwa mshale hadi kwenye neno la pampu kiooni, nikakubali. Pampu ikaanza kukoroma ukutani. Nikaiachilia namba iliyoshikiliwa. Nikaenda kwenye kipimo, kwa maana kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya moshi mzito wa boila. Kwa kipimo kile pumzi ya mtu ingekuwa kama tone ndani ya pipa. Nikakishusha hadi kile kidogo kabisa. Kila hatua ni kidole, kutulia, kidole, kutulia. Huko nje nilisikia tingatinga likinguruma.

Kisha hakukuwa na la kufanya. Dakika ya bomba lazima ipite.

Namba ya hewa chafu ilisema asilimia 0.04. Hiyo ni hewa ya kawaida, inayovutwa na kila mtu. Ikakaa hapo. Meneja alikuwa ameacha kupumua karibu yangu. Halafu ikawa 0.06. Ikawa 0.1, ikaendelea kupanda polepole bila kurudi.

"Ni yeye?" aliuliza.

Nilitamani kusema ndiyo. "Inaweza kuwa kaa lililofukiwa kwenye majivu. Kaa nalo linatoa hewa hiihii."

Tulijua wote kuwa kama ni kaa tu, hatukuwa na sababu ya kumzuia mwana asiyavute majivu kwa tingatinga.

Ndipo mstari ulipoinuka. Kilima kimoja. Ukashuka. Ukatambaa, ukatambaa, ukatambaa tena, kisha ukainuka vilima viwili vilivyoshikana mabega.

Nilishika sanduku nisianguke. Mtu amezikwa hai, hasikiki, haonekani, kati yangu na yeye kuna chuma na matofali na tani za majivu, naye amepapasa gizani mpaka akaipata ncha ya bomba la mke wa mwanawe, akabisha hodi. Na nani ajuaye alikuwa ameshabisha mara ngapi kabla, wakati pampu imelala na hodi yake haiendi popote? Nilistaajabu hadi nikaogopa. Sikuwahi kuona kitu kikubwa namna ile, na kilikuwa ni mstari mwembamba tu kwenye kioo kisichozidi kiganja.

Nikashika redio. "Zima mashine," nikamwambia mume wangu. "Zima kabisa. Yuko chini. Yuko hai, anapiga hodi."

Ngurumo ilikatika. Kwa kitambo kiwanda kizima kilikuwa kimya. Kisha nikasikia mbao zikiburutwa na makoleo ya mkono yakianza, na sauti ya mume wangu juu ya wengine ikihesabu: moja, vuta, moja, vuta. Walikuwa wanachimba na kuegemeza mbao, wanachimba na kuegemeza. Kazi ya kufa na kupona, lakini ya polepole.

Mimi nilibaki na kioo, na kioo kilianza kuniambia habari nyingine. Vilima viliendelea kuja, lakini ardhi iliyovibeba ilikuwa inapanda. Nusu. Moja. Moja na nusu. Kijinafasi alichokuwa nacho kilikuwa kidogo kama kabati, naye alikuwa anakijaza kwa hewa aliyokwisha kuitumia. Hodi nayo ikabadilika. Moja, kimya, moja. Baadaye moja tu. Baadaye kilima kilichoinuka nusu kikachoka.

"Watachukua muda," meneja alisema, akiwa amerudi kutoka kule wanakochimba. "Wakiharakisha, yanaanguka."

"Hana muda huo."

"Hakuna namna ya kumpelekea hewa?"

Ipo. Nilikuwa nimeshaiwaza, na nilikuwa naikimbia. Ncha ya bomba huziba kwa majivu, kwa hiyo chombo kina uwezo wa kujisafisha: unagusa alama, na badala ya kuvuta, bomba linapuliza. Hewa safi kutoka kwenye kompresa, mashine inayobana hewa, inarudi nyuma kwa nguvu mpaka ndani ya njia ya moshi. Nikiiacha ipulize, ningemjazia Baba lile kabati lake hewa mpya. Lakini bomba ni moja. Likipuliza halivuti, na lisipovuta, chombo hakipimi. Namba hushikiliwa pale ilipo. Nikimpa hewa, simwoni. Nikimwona, simpi.

Nilimweleza meneja kwa maneno machache. Alitazama kioo, akanitazama.

"Hapo siwezi kukuamulia," alisema. "Kidole ni chako."

Nilisubiri kilima kimoja zaidi. Kilikuja, kifupi. Nikajikumbusha kuwa hata hicho ni cha zamani, ni pumzi ya dakika iliyopita. Huyu ninayemkodolea macho ni Baba aliyekuwapo, si aliyepo. Nikashuka hadi kwenye kusafisha. Nikagusa duara: hewa ikafoka bombani, nikaikata kwa mshale wa kurudi. Nikatulia. Kisha nikaipuliza mara mbili za kufuatana. Karibu, Baba. Halafu nikaifungulia na kuiacha iende.

Namba ikasimama. 2.31. Pembeni yake ikatokea alama ndogo ya kuonyesha kuwa imeshikiliwa, na mstari, ule uliokuwa na vilima, ukanyooka kama uzi.

Sijui niseme nini kuhusu muda uliofuata. Nimeichukia namba ile mpaka leo. Hata nikiiona kwenye bei ya kitu dukani mwili unanisisimka. Haikupanda, haikushuka. Ilikuwa namba ya mtu anayepumua na namba ya mtu aliyekwisha kufa, zote mbili, na sikuwa na njia ya kuzitenganisha. Hewa ilivuma ukutani. Redio ikalia.

"Baba anapumua?" Ni mume wangu, anahema.

"Nampelekea hewa."

"Sikukuuliza hilo."

"Najua."

Akauliza tena, kwa sauti ya chini ambayo hainijii nyumbani ila mara chache. "Mke wangu. Anapumua?"

"Simwoni. Nikitaka kumwona, lazima nimkatie. Unataka nimkatie?"

Nilisikia koleo likichota, likachota tena. "Usimkatie," alisema.

Lakini mimi nilitaka. Mnisikie vizuri: nilitaka kwa roho yangu yote. Dakika moja tu ya kuvuta, nione kilima kimoja, kisha nimrudishie. Kidole kiliondoka chenyewe kikaenda hadi kwenye mshale wa kurudi, kikasimama juu ya kioo, karibu hadi nikaona ukungu wa jasho lake. Na chombo kile, kama nilivyosema, hakihitaji nguvu. Niliurudisha mkono, nikaukalia kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Meneja aliona, akageuza uso akajifanya anasoma tangazo la usalama ukutani.

Nilizungumza na kioo. Nilimwambia Baba mambo ambayo mkwe hamwambii mkwe mezani. Kwamba nilipoolewa nilimwogopa. Kwamba ile hodi yake ilikuwa furaha yangu ya kila msimu. Kwamba nampenda. Kwenye redio nisingesema, watu wangesikia.

Makoleo yalinyamaza ghafla.

Nikasimama. Meneja akasimama. Redio ilikwaruza, na kwanza nilisikia watu wengi wakisema kwa pamoja, kisha mume wangu, analia na kucheka, maneno yamechanganyika:

"Mdomo wake uko bombani! Mama weee, mdomo wake uko bombani, amelikumbatia, hataki kuliachia! Anapumua!"

Sikuikata ile hewa. Waliniambia redioni ameshatoka, yuko nje, yuko kwenye machela, na bado hewa ilikuwa inavuma. Meneja ndiye aliyeniambia kwa upole kwamba sasa basi, kule hakuna mtu. Ndipo nikaweka kidole kwenye mshale wa kurudi.

Alilazwa kwa muda, kifua na mbavu, kisha akaletwa nyumbani. Nyumbani tukarudia yaleyale. Shikamoo, marahaba, asante kwa chai. Mume wangu alitutazama akatikisa kichwa. Mimi nilijiambia kuwa ndivyo tulivyo, kuna watu mapenzi yao hayana maneno, na kwamba huenda hata hakukumbuka kitu.

Kiwanda kiliwashwa. Mchana mmoja, moto umekolea na boila inatetemesha sakafu, mlango wa kibanda changu ukagongwa. Mara moja. Kimya. Mara mbili.

Alikuwa amevaa shati safi, amenyoa, bila jivu hata moja, nusura nisimtambue. Akaingia akitazama chini kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

"Karibu, Baba."

"Starehe, Mama. Nimekuja kujitazama. Mwanangu anasema nimo humu."

Nilimsogezea kiti, akakataa. Nikafuta kioo, nikagusa mshale wa kushuka, nikaurudisha mstari nyuma, siku moja baada ya nyingine, hadi siku ile. Aliinama, akasogeza uso karibu.

"Mimi ni yupi?"

"Huyu hapa." Nikamwonyesha kilima cha kwanza, na vile viwili vilivyoshikana. "Hapa ulibisha hodi. Na hapa. Hapa ukaanza kuchoka."

"Nilichoka kweli," alisema, kana kwamba anamhurumia mtu mwingine. Aliufuata mstari kwa macho mpaka mahali ulipolala na kunyooka, mrefu, kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine. "Na hapa mbona nimenyooka hivi? Ndiyo nilikuwa nimekufa?"

"Hapana, Baba. Hapa nilikuwa nakupelekea hewa. Kikitoa hewa hakipimi. Hapa mimi sikukuona kabisa."

Alikaa ameinama vile hadi nikadhani mbavu zimemshika. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mama," alisema, "hapa ndipo mimi nilipokuona wewe."

Akanyoosha kidole chake kinene, chenye kucha zilizovunjwa na matofali, akakiweka juu ya ule mstari ulionyooka. Alisukuma kwa nguvu zake zote, kama anayeua kunguni. Alama ya kufuli ikatokea. Sikumwambia kitu, nikamsogezea kiti tena, na safari hii akakaa.